Tui la Jumapili

Mchuzi wa Kiswahili uliletwa Diani kwa posta. Nasema hivi bila kutia chumvi, maana bahasha niliipokea mimi mwenyewe mlangoni pa stoo, nikaipeleka jikoni kwa mpishi mkuu, na alipoifungua ndani mlikuwa na faili la plastiki lenye picha za rangi. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya sahani nyeupe, wali umefinyangwa katikati kama mnara mdogo, na pembeni mchuzi wa manjano wenye vipande vya kuku, nanasi na zabibu kavu. Juu yake iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba hicho ndicho chakula cha Waswahili. Mimi ni Mdigo wa Bongwe, nimelelewa kwa mboga ya mchunga na papa mkavu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokutana na mchuzi wetu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Hoteli niliyofanyia kazi ilikuwa ya kampuni ya ng'ambo yenye hoteli za ufukweni katika nchi nyingi, na sifa yao kubwa ilikuwa kufanana. Mgeni aliyeula mchuzi ule katika hoteli yao moja mwaka huu, akienda nyingine mwaka ujao alipaswa kuukuta vilevile, rangi ileile, nanasi lilelile. Mpishi mkuu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mcheshi mwenye tumbo la kazi yake. Aliligeuzageuza lile faili akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni. "Sasa wewe Mdigo," akaniambia, "hii ndiyo chakula yenu. Na usibishane na faili, bana. Faili imetoka hedi ofisi." Jikoni kote tukacheka. Mahali pa tui la nazi, faili lilikuwa limeandika namba ya kopo la kuagiza.

Nisije nikaonekana mchoyo wa mila. Sisi Wapwani wenyewe ni mafundi wa kuchukua chakula cha watu tukakigeuza chetu. Biriani haikuota Kwale, wala chapati, wala sambusa. Vilivuka bahari vikafika kwetu, tukavizidishia hiki na kuvipunguzia kile mpaka bibi zetu wakaapa kwamba ni vyao tangu Nabii Nuhu. Miaka mingi baadaye kampuni ilinipeleka ng'ambo kwa mafunzo ya wiki sita, na huko niliingia mgahawa wa Mhindi mmoja uliojificha uchochoroni. Nilimwona akipunguza pilipili na kuongeza malai ya maziwa kwa ajili ya wateja wa kule, huku pembeni chungu cha wanawe kikitokota na ukali wake wote. Nilimwelewa. Aliyepunguza alikuwa yeye, kwa mkono wake, na alijua anapunguza nini na kwa nini. Kwa hiyo dhambi yangu si nanasi wala zabibu kavu. Hizo ningezicheka mpaka leo.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na mgahawa Bongwe, kando ya njia ya kwenda Ukunda. Ulikuwa kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la makuti, meza tatu na mabenchi yake. Hapakuwa na orodha ya vyakula. Ulikaa, ukanawa, akakuletea alichopika: wali wa nazi, maharagwe, samaki wa kupaka siku samaki walipopatikana, na mchunga, ile mboga chungu ambayo watu wa bara walianza kwa kuikunjia uso wakaishia kuuliza kama imebaki. Kila nazi aliikuna mwenyewe. Alikuwa na mwanamke wa kumsaidia kuosha vyombo na kuchota maji, lakini mbuzi ya kukunia hakumwachia mtu. Na kabla ya kuvunja nazi alisema bismillahi, si kwa sauti ya kusikika, midomo tu ikicheza. Alisema chakula kisichotajiwa Mungu hujaza tumbo na kumwacha mtu na njaa.

Mgahawa ule ndio ulionilea. Baba alipofariki nilikuwa shule ya upili, na miaka yote ile nilikula kwake mchana na jioni kwenye benchi la nyuma, na hakuna siku niliyokumbushwa kwamba nala bure. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake kubwa. Watu wa bara wakitoka kanisani, mafundi wa ujenzi, madereva, wafanyakazi wa hoteli walio na zamu ya mapumziko, wote walimiminika pale wakala mpaka masufuria yakabaki kusafishwa tu. Hata mpishi mkuu wetu, yule wa faili, siku zake za mapumziko alikuwa akila kwa shangazi. Alikuwa akisema jikoni kwake anapika, kwa shangazi anakula.

Siku moja meneja aliingia jikoni. Alikuwa Mzungu mpole, mtu wa kusema "tafadhali" kila baada ya maneno matatu. Alitueleza kwamba makao makuu yanataka kila hoteli iwe na chakula maalumu cha mchana siku ya Jumapili, chakula cha wenyeji, na wageni waone kwa macho yao jinsi wenyeji wanavyokitayarisha. Litajengwa banda karibu na bwawa la kuogelea. Alihitaji mama mmoja wa kuketi juu ya mbuzi akune nazi mbele ya wageni. "Atakayenisaidia katika hili," alisema, "sitamsahau msimu ukiisha."

Ilibidi mtu awe amefanya kazi kwetu mwaka ule ili ayasikie maneno hayo kama tulivyoyasikia. Wageni walikuwa wamepungua pwani nzima na hoteli zilikuwa zikiwarudisha watu nyumbani. Mimi nilikuwa kibarua kwa mwaka wa pili, mtu wa kuambiwa kesho usije na akose wa kumlalamikia. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Kila mtu jikoni alijua kwamba msimu ukiisha wataandikwa kazi ya kudumu watu wawili au watatu, basi. Niliinua mkono kabla meneja hajafunga mdomo. Nilisema ninaye shangazi.

Shangazi hakukubali mara moja. Alikuwa akichambua mchele, na aliendelea kuchambua nilipokuwa nikimweleza. "Na wateja wangu wa Jumapili?" aliuliza. Nikamwambia ni Jumapili chache tu, msimu ukiisha yamekwisha. Akauliza kama hao wageni watakula kwa adabu. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama mimi nitapata faida yoyote, na hapo nikamweleza maneno ya meneja. Aliweka ungo chini. "Ungeanza na hilo, mwanangu," akasema. "Umenizungusha bure."

Jumapili ya kwanza alikuja na basi la wafanyakazi, amevaa leso mpya, doti nzima, na mbuzi yake ameifunga kwa kitambaa safi pamoja na kifumbu chake cha kukamulia tui. Hoteli ilikuwa imenunua mbuzi nyingine, nzuri, ya kuchongwa nakshi, lakini aliitazama meno yake akasema hiyo ni pambo, haikuni kitu. Akaketi bandani juu ya yake. Wageni wakamzunguka na kamera zao. Nami niliyesimama nyuma yake niliiona midomo ikicheza, kisha panga likashuka, nazi ikapasuka nusu mbili sawasawa, na Wazungu wakapiga makofi. Alikuna nazi kumi. Bibi mmoja Mjerumani aliomba kujaribu, shangazi akamketisha, akamshika mkono na kumwonyesha jinsi ya kuzungusha kifuu, wakacheka pamoja kama watu wa mtaa mmoja. Kwa kweli alifurahi. Nami nilijivuna, maana nilidhani nimempa heshima.

Alipomaliza kukamua, nilibeba karai la nazi na sufuria ya tui nikaingia jikoni. Mpishi mkuu alikuwa akipanga vipande vya nanasi juu ya mchuzi. Mchuzi ulikuwa umeiva tangu saa nne asubuhi. Makopo matupu ya tui yalikuwa yamepangwa kwenye ndoo ya taka.

"Weka hapo chini," akasema, bila kunitazama. Kisha akanieleza, na nilimwona haya ikimpanda. Sheria ya kampuni: kisichopita mlango wa stoo kikapimwa na kuandikwa hakiingii katika chungu. Kilichotayarishwa nje, kwa mikono mitupu, kwenye vumbi, hakiingii katika chungu. Na tena ladha ya kopo ni moja dunia nzima, ya shangazi ni ya shangazi. Nikauliza kama tungeweza kulitia tui lile katika chakula cha wafanyakazi. Akasema sheria haina mgeni wala mfanyakazi. Kulipeleka nyumbani haikuwezekana pia, walinzi langoni walikagua mifuko na hawakuruhusu hata ndizi itoke. "Peleka nyuma, kijana," akasema. "Mimi mwenyewe sipendi."

Nyuma palikuwa na mapipa. Alasiri, bwana mmoja wa bara aliyefuga nguruwe upande wa pili wa Ukunda alikuja na pikapu yake kuchukua mabaki. Kilichotupwa jikoni kwetu kilikwenda kwa nguruwe wake, na kila mfanyakazi alijua. Nilisimama mbele ya pipa na lile karai mikononi. Nazi ilikuwa nyembamba, nyeupe, bado ina uvuguvugu wa jua. Nilitazama nyuma kama mwizi, nikamwaga. Kisha nikamwaga tui juu yake.

Nilirudi bandani nikamkuta akifuta meno ya mbuzi kwa kitambaa. "Tui limetosha?" akaniuliza.

"Limetosha, shangazi."

"Wamesemaje?"

Hapa ndipo ningeweza kuiponya nafsi yangu kwa sentensi moja. Angekasirika, angefunga mbuzi yake, angepanda basi, na Jumapili iliyofuata mgahawa wake ungefunguliwa kama kawaida. Nilimjua. Lakini nilimwona meneja akija kumshukuru kwa kumshika mikono miwili, na nikajibu, "Wamelamba vidole."

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga, ila hawakusema kwamba mtu anaweza kuipita ileile kila wiki. Jumapili ya pili aliuliza tena, na safari hii nilikuwa nimejitayarisha. Nilimwambia kuna mzee mmoja aliyerudia sahani mara tatu, na mkewe akamkanya mbele za watu. Shangazi alicheka sana. Habari ile ilifika Bongwe kabla yangu. Jirani mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza kama ni kweli Wazungu wanagombana na wake zao kwa ajili ya tui la shangazi yangu. Nikasema ni kweli. Nilikuwa nimeshaanza kuwa hodari.

Jumapili ya nne hakuuliza. Wala ya tano. Nilifarijika, nikasema amezoea, jambo likizoeleka halina maswali tena. Aliketi, akakuna, akakamua, akafuta mbuzi yake, akapanda basi. Wageni walimpiga picha na yeye akawatazama tu. Meneja alisema mama ana utulivu mzuri, unapendeza katika picha. Mimi nilibeba karai. Nilikuwa nimejua jinsi ya kumwaga haraka, kwa pembeni, ili isitoe sauti.

Wakati huohuo mgahawa wake ulikuwa ukipungua. Pale Ukunda palikuwa pamefunguliwa duka la kuku na chipsi, tawi la watu waliokuwa na maduka kama hayo Mombasa, viti vyekundu, picha ya kuku ukutani, na sosi ya nyanya juu ya kila meza. Watu wa Jumapili walipokuta kwa shangazi kumefungwa walikwenda kujaribu huko. Mtu hujaribu mara ya kwanza kwa sababu ya njaa, mara ya pili kwa sababu anaijua njia. Wengine hawakurudi hata siku za kazi. Niliyaona haya yote. Kila nikipita niliona benchi moja tupu zaidi ya wiki iliyopita, nami nilijiambia msimu ukiisha watarudi.

Jumatano moja, baada ya Jumapili ya nane, nilikuwa na mapumziko nikaenda kula kwake. Nilimkuta peke yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitikia marahaba kwa sauti yake ya siku zote, akanionyesha benchi la mbele. Niliketi. Alileta maji ya kunawa, akaniwekea wali na samaki, kisha akaketi upande wa pili wa meza, jambo ambalo hakuwa akilifanya mtu akiwa anakula.

"Yule bwana wa pikapu hula hapa," alisema. "Wamjua?"

Nilimjua. Alikuwa mteja wake wa siku nyingi, na shangazi hakuwahi kumkunjia uso kwa kazi yake. Alikuwa akisema kila mtu afuga anachofuga, na tumbo lake lahisi njaa kama tumbo lingine.

"Siku moja alinisifia nazi," shangazi aliendelea.

"Nazi gani?"

"Ya hotelini kwenu. Alisema mle ndani muna mtu ajua kukuna, maana nazi yaja laini kama unga, na wanyama wake siku hizi wanaliacha ganda la kiazi wakaingoja hiyo ya Jumapili. Akaniuliza kama mimi namjua huyo mtu."

Nilirudisha tonge sahanini. Nilinywa maji. "Ukamwambia nini?"

"Nilimwongeza mchuzi."

Nilitamani apige kelele. Angenitukana ningeshukuru, ningejua pa kushika. Lakini alikuwa akinitazama kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kula ili vyombo vioshwe. Niliuliza ni lini alipoambiwa hayo. Akasema kitambo, Alhamisi moja kabla ya ile Jumapili ya nne. Nikahesabu kichwani. Mara tano alikuwa ameketi mbele ya kamera akikuna nazi akijua inakokwenda, na mara tano nilikuwa nimemshika mkono kumpandisha basi nikimwambia ahsante shangazi, wamefurahi.

"Mbona uliendelea kuja?" nikamuuliza.

"Wewe umeandikwa kazi?"

"Bado."

"Basi," akasema.

Nje mbuzi wa jirani alikuwa akila ukingo wa makuti na shangazi hakuinuka kumfukuza. Kisha akasema, polepole, kwamba kuna jambo moja tu lililomshinda. Jina la Mungu. Hakuweza kulitaja tena pale bandani akijua kile chakula kitakakoishia. "Nikiketi juu ya mbuzi nafunga mdomo," alisema. "Nazi ya kwanza mpaka ya kumi. Miaka hamsini sijavunja nazi namna hiyo."

Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake kila Jumapili. Nilikuwa nimeuona ule mdomo umetulia, na nilikuwa nimeuita mazoea, na meneja ameuita utulivu. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona pale. Sikuwa hata na la kusema kwamba ni shetani amenipitia, maana shetani hupita akaenda zake, mimi nilikuwa nikirudi mwenyewe kila wiki, saa ileile, na karai lilelile. Mchuma janga hula na wa kwao. Janga nililichuma mimi, na yeye ndiye aliyekuwa akila.

"Zimebaki Jumapili ngapi?" akaniuliza.

Jibu lilikuwa hakuna. Jibu lilikuwa usije tena, shangazi, fungua mgahawa wako, mimi nitamwambia meneja umeugua, au nitamwambia kweli, na liwalo na liwe. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikamfikiria mke wangu, nikamfikiria meneja na maneno yake, nikafikiria jinsi ilivyokuwa karibu.

"Mbili," nikasema.

Hakuna aliyeniambia mbili. Ingeweza kuwa moja. Niliitaja mbili ili niwe na akiba, kama mtu anayejipakulia kingi akiogopa hatapewa tena. Shangazi alitikisa kichwa kukubali. "Haya," akasema. "Kula, chakula chapoa."

Jumapili ya kwanza kati ya hizo mbili tulifanya kazi yetu bila kutazamana. Alikuna kumi, mimi nikabeba. Mpishi mkuu aliniona nikipita na karai akageukia jiko. Tangu siku ile ya kwanza hakuwa amekwenda kula Bongwe. Aliwahi kuniambia hawezi kumtazama yule mama usoni, na nilimwona bora kuliko mimi, kwa sababu angalau yeye alikimbia.

Ijumaa iliyofuata niliitwa ofisini. Meneja alisimama, akanipa mkono, akanipa barua. Niliandikwa kazi ya kudumu, msaidizi wa jikoni, kuanzia mwezi uliofuata. Akasema nimpelekee mama salamu zake, na Jumapili aje tena, kuna kundi kubwa la wageni wapya wameahidiwa kumwona. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya chumba cha kufulia nguo, nikaisoma ile barua mara nne. Kisha nikaikunja nikaitia mfukoni.

Toka ofisini kwa meneja mpaka Bongwe si mbali. Ningeweza kwenda jioni ileile. Ningeweza kwenda Jumamosi. Nilijiambia barua ya leo kesho inaweza kurudishwa, nilijiambia kundi limeahidiwa, nilijiambia shangazi mwenyewe alikubali mbili. Mtu akitaka kukosa hakosi sababu. Jumapili nilimpokea kwenye basi nikambebea mbuzi yake. Aliketi bandani, akafunga mdomo, akakuna nazi kumi mbele ya lile kundi, nami nikabeba karai hadi nyuma nikamwaga, na barua ilikuwa ndani ya suruali yangu.

Jumatatu nilikwenda Bongwe kumwonyesha. Alikuwa amewasha moto na masufuria yalikuwa tayari, ingawa mabenchi yalikuwa matupu na jua lilikuwa limeshapita utosi. Alipoiona bahasha alifuta mikono kwa leso yake mara mbili, mbele na nyuma, akaniambia nimsomee. Nilimsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, na nilipofika penye kazi ya kudumu alisema alhamdulillahi, nayo aliisema kwa sauti. Kisha akanyosha mkono akaomba kuishika.

Kiingereza hakukijua, lakini tarakimu alizijua vizuri. Aliisogeza barua kwenye mwanga, kidole chake kikashuka kutoka juu, kikafika penye tarehe, kikakaa hapo.

"Hii ilikuwa Ijumaa," akasema.

Sikuweza kusema uongo mwingine, ulikuwa umeniishia. "Ndiyo, shangazi."

Aliitazama barua kwa muda kama mtu anayesoma. Kisha akaikunja pale ilipokuwa imekunjwa, akaitia bahashani, akanirudishia kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni kitu. "Hongera, mwanangu," akasema. "Nenda kanawe, ule."

Akanipakulia. Nikanawa, nikaketi, nikala, na hakuna mteja mwingine aliyeingia mpaka nilipomaliza.